Umeme ulikatika, tukasomewa kitabu: tuzungumze tamthilia zetu na riwaya zetu

FundiChikongola (mleta uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini. Bandani kwangu kuna luninga ukutani, na ikifika saa moja jioni vyerehani vinafunikwa, mabenchi yanageuzwa. Wanakuja majirani, wanakuja wateja waliofuata nguo zao wakasahau kuondoka, na mama yangu akiwa amekuja mjini kutoka Mikindani anakaa pale mlangoni na sinia lake la korosho. Msimu wa korosho kila nyumba mtaani ina king'amuzi kilicholipiwa. Ikifika Machi pesa imekwisha, wote wanahamia kwangu. Kwa hiyo nimeangalia tamthilia nyingi, na nimeziangalia na watu.

Alhamisi iliyopita tulikuwa kwenye ile ya Kituruki ya saa mbili, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mama mkwe amekwisha kutia kitu kwenye kikombe, mkwe ananyoosha mkono kupokea, umeme ukakatika. Nje mvua, hakuna wa kuondoka. Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tano, na mkoba wake wa shule ulikuwa chini ya meza ya kukatia. Akatoa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, akawasha tochi ya simu, akasema, "Mama mdogo, na mimi nina kisa cha ndoa hapa." Akaanzia pale Yasmin alipokwisha kumkimbia yule mume mtu mzima, Bwana Raza, ndugu zake wamemkataa, na sasa anamwendea shoga yake Mwajuma huko Ng'ambo, mjini Unguja.

Mwanzoni watu wanaongea. Mama anagonga korosho zake kwa jiwe, ko, ko, ko. Kidogo kidogo maongezi yakapungua. Halafu lile jiwe likanyamaza. Nikamtazama: ameshika ganda kati ya vidole viwili vyenye weusi wa mafuta ya korosho, hajalipasua, anasikiliza. Mtoto alipotaka kuruka ukurasa, mama akasema, "Rudia hapo Mwajuma anapojibu." Umeme ulirudi saa tatu kasoro. Luninga ikawaka, na jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, akasema, "Hebu punguzeni sauti kwanza, tumalize hapa."

Tangu siku ile sijatulia. Kisa cha Kituruki na kisa cha Yasmin, ukivivua majina, vinafanana: binti, ndoa asiyoitaka, ukoo wenye hasira. Kilichowaweka watu gizani bila picha ni namna wale watu wanavyojibizana. Mama yangu alisema, "Huyo Mwajuma namjua." Hajafika Unguja hata siku moja.

Filamu yake niliiona Dar nilipokwenda kufuata vitambaa Kariakoo. Ameiongoza Amil Shivji. Ilionyeshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar. Nilitoka mle na furaha, na kinyongo pia. Furaha kwa sababu wanazungumza Kiunguja bila kuomba radhi kwa mtu, na Siti Amina aliyecheza Mwajuma ana sauti inayokufuata mpaka kituo cha daladala. Kinyongo kwa sababu riwaya nene namna ile imeingizwa kwenye saa moja na nusu hivi. Kitabu kinawaacha watu wakae, wapige soga, wachokozane. Filamu inatuonyesha uso mzuri kwenye mwanga wa taa, kisha inapita. Mwajuma alistahili muda zaidi.

Sasa nije kwenye tamthilia zetu za kila siku, ambazo nazipenda na nazilipia. Mimi ni fundi, jicho langu linakwenda kwenye nguo. Mama maskini wa tamthilia, muuza maandazi, amejifunga kitenge kipya kabisa, mkunjo wa dukani bado unaonekana gotini. Kanga ya mama lishe wa hapa Mtwara imechuja, pindo limeungua kwa cheche za jiko, na upande mmoja umefifia kuliko mwingine kwa sababu ndio anaofutia mikono. Halafu kanga ina maneno! Ukimleta mke mwenza uani na kanga isiyosema kitu, umetupa ugomvi mzima ambao ungepita bila mtu kufungua mdomo. Na wakifungua mdomo, wote wanaongea sawa: bibi wa kijijini, tajiri, kijana wa bodaboda. Wote Kiswahili cha msoma habari, na Kiingereza kidogo juu yake.

Siri ya Mtungi ya mwaka 2012 walipiga Bagamoyo, na unauona mji: chumvi imekula chokaa ya ukuta, Cheche mpiga picha yumo ndani ya mtaa wake. Mpaka leo wateja wangu wanaitaja.

Swali langu kwenu: kwa nini vitabu vyetu haviingii kwenye luninga? Na vikiingia, tudai kitu gani kilindwe? Mimi nasema zilindwe kauli za watu wake. Kisa wakikata, sawa. Mwisho wakiubadili, tutazoea. Ila kauli za Mwajuma wasiziguse.

---

BintiRahaleo

Dada fundi, nakuunga mkono, ila nina neno juu ya hizi za kutiwa sauti.

Sultan ya Waturuki ilipokuja Azam ndipo bibi yangu alipoanza kuangalia luninga. Kabla yake tulikuwa tunaangalia zenye maandishi chini, na bibi hasomi. Kila baada ya dakika, "Anasemaje? Kasemaje?" mpaka watu wanakereka naye anajua anakera, ananyamaza. Zilipotiwa Kiswahili yeye ndiye akawa anatusimulia sisi tuliochelewa kurudi: Hurrem kafanya hivi, Mahidevran kajibu hivi, Ibrahim Pasha ana mwisho mbaya yule, mtaona. Msimu wa mwisho walipombadilisha mwigizaji wa Hurrem, bibi alisusa siku tatu.

Kwa hiyo wale waliotia sauti tusiwabeze. Ni watu wetu, wamekaa kwenye chumba kisicho na dirisha wakilia kilio cha mtu mwingine, na bibi yangu aliwaamini.

---

MtazamajiMsijute

Msisahau ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, TBC mwaka 2011. Ilikuwa moto. Rais Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake.

---

MwalimuFasihi_Lindi

Hongera kwa uzi, fundi. Nafundisha Kiswahili sekondari, Lindi, na umegusa panaponiuma.

Tangu filamu ya Vuta N'kuvute itoke, kila mwaka napata wanafunzi wanaouliza kama wanaweza kuiangalia badala ya kusoma. Nawajibu kwamba mwandishi wa riwaya naye ana sauti yake, na sauti hiyo haina mwigizaji. Adam Shafi anapokueleza mtu, kabla mtu huyo hajasema lolote, umekwisha kujua kama anamhurumia au anamkaripia. Kamera inabidi itafute njia nyingine ya kufanya hivyo: mwanga, muziki, sura. Wakati mwingine inaipata, wakati mwingine inaikosa. Mwanafunzi aliyeona filamu peke yake ananiandikia insha kuhusu mapenzi ya Yasmin na Denge, na siasa yote ya Unguja ya miaka ya hamsini inabaki sentensi moja. Naiheshimu sana filamu ile. Lakini ni kazi ya pili, yenye mwenyewe wa pili.

Halafu kuna hili la jina. Darasani tamthiliya ni mchezo ulioandikwa. Mtaani tamthilia ni ya kwenye luninga. Ni neno moja, na mimi huwaambia wanafunzi kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Ndiyo maana nashangaa tunapozunguka njia ndefu ya riwaya wakati tuna michezo iliyokwisha kuandikwa kwa ajili ya midomo ya watu.

Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ilitoka mwaka 1969. Mwandishi ni mtoto wa pwani hii yetu, mkoa wa Lindi, kazaliwa 1943. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 Nandete, milima ya Umatumbi, ambayo iko Kilwa, kwa watu kung'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kulima. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe akanyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka huo huo, vita bado vichanga, vikaendelea bila yeye mpaka 1907. Hussein hakuirudia historia neno kwa neno, na mwenyewe amelisema wazi: Kinjeketile wake ni kiumbe cha jukwaani. Tazama anapoanzia. Haanzi na bunduki. Anaanza na wanawake wawili, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wanazungumza shida ya chakula wakati wanaume wanatumikishwa shambani. Vita vinaingia nyumbani kupitia chungu kitupu.

(Watu wa Lindi mkisikia Kitunda mnafikiria ng'ambo na kivuko. Majina yamegongana tu, lakini darasani hunisaidia: mtoto wa Kitunda aliyekuwa anasinzia huinua kichwa.)

Hilo likipigwa picha vizuri, fundi, huna haja ya kumwomba mtu alinde kauli. Mchezo wote ni kauli.

---

KijanaShangani

Naheshimu wote mliotangulia, lakini sikubaliani.

Vitabu hivi tulivisoma kwa fimbo. Dhamira kuu, dhamira ndogondogo, mtazamo wa mwandishi, taja wahusika watatu na sifa zao. Sasa mtu ametoka bandarini saa kumi na mbili jioni, mgongo unauma, unamrudisha kidato cha nne? Mimi naangalia tamthilia ya Jua Kali kwa sababu nataka kujua kesho itakuwaje. Nalala nawaza, nafika kazini tunabishana. Kitabu mwisho wake kila aliyepita shule anaujua. Kitanifanya nikimbie nyumbani kwa kitu gani?

Waandishi watupe visa vipya, vya leo, vya watu kama sisi. Vya zamani vibaki maktaba, vina heshima yake huko.

---

FundiChikongola

Kaka wa Shangani, fimbo hiyo naijua. Niliichapwa kwa ajili ya kitabu ambacho sasa nakipenda, na nilichukua miaka kumi kukisamehe kitabu kwa kosa la mwalimu. Lakini mama yangu hakukaa kwenye darasa lile. Kwake Yasmin ni habari ya leo asubuhi. Mtwara hii wapo wengi kama mama.

Na kuhusu mwisho kujulikana: watoto wote wanajua Sungura atamshinda Fisi. Jaribu kuruka kipande uone watakavyokuzomea.

---

MbebaTaa

Mimi mtu wa Masasi, nimefanya kazi ya taa na sauti kwenye tamthilia Dar kwa miaka mitatu. Ngoja niwaeleze jikoni kulivyo. Kampuni sitaitaja.

Nyumba inakodiwa kwa siku. Nyumba hiyo hiyo ndiyo kila kitu. Sebule ni ya tajiri, ukigeuza makochi ni ofisi ya wakili, varanda ukiitundikia pazia jeupe ni hospitali. Kutoka kwenda mtaani maana yake gari, vibali, chakula cha watu thelathini, na kusubiri pikipiki zipite ndipo mseme neno. Mwandishi anaambiwa Jumatatu, Ijumaa anatakiwa kuleta sehemu nne. Mwigizaji anapokea maneno yake kwenye simu asubuhi ile ile akiwa anapakwa poda. Ndiyo maana wote wanaongea sawa, dada fundi. Aliyewaandikia ni mtu mmoja, amechoka, na mwigizaji hakupata hata usiku mmoja wa kulala na yale maneno.

Kitenge kipya nacho kina sababu. Nguo nyingi zinaazimwa dukani na zinarudi jioni. Hazitakiwi doa.

Mimi mwenyewe mpaka leo nadai malipo ya miezi miwili, kwa hiyo sitetei mtu. Ila mjue wanaofanya kazi ile wanaipenda na wanaijua. Siku moja tunapiga mama anauza samaki, akaletewa kitenge cha dukani, mwigizaji akakikataa. Akaenda jikoni kwa mama anayetupikia, wakabadilishana: yeye akachukua kanga ya mpishi yenye madoa ya mafuta na moshi wake wote, mpishi akabaki na kitenge. Alipotoka na ile kanga hata kukaa kwake kulikuwa kumebadilika. Magoti aliyapanua, akaegemea ndoo. Muongozaji alitaka turudie mara tatu kwa kawaida yake, siku hiyo ilitosha moja.

Sasa Kinjeketile, mwalimu. Natamani kuliko unavyofikiri. Lakini sare za askari wa Kijerumani, bunduki za 1905, kijiji kisicho na nguzo ya umeme wala bati kwa nyuma, umati wa watu. Na kuna haki za mwandishi: sheria yetu ya 1999 inailinda kazi maisha yake yote na miaka 50 baada yake, kwa hiyo lazima mkae mezani na wenyewe mkubaliane, mlipe. Wengi wanaogopa meza hiyo, wanaona heri watunge cha kwao Jumatatu mpaka Ijumaa.

---

MzeeWaNg'apa

Wanangu, marahaba. Mnazungumza luninga, mimi niwarudishe kwenye redio.

Mchezo wa Twende na Wakati wa Redio Tanzania ulianza mwaka 1993. Mimi nilikuwa Nachingwea wakati huo. Redio moja, watu kumi, wengine wamesimama nje dirishani. Mkwaju, dereva wa lori la masafa marefu, kila kituo ana mwanamke, na mkewe Tunu yuko nyumbani. Hatukuona hata shati lake, lakini kila mmoja wetu alijua Mkwaju amevaaje na anavyoshuka kwenye lori. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwa halijajengwa, limekuja kufunguliwa 2003. Masika sisi huku tulikuwa kama kisiwa, gazeti likifika ni la juma lililopita. Mkwaju alifika kwa saa yake. Ikawa hata madereva wa kweli wakipita na mwenendo wao mtaani wanaitwa Mkwaju.

Na ilitufundisha. Ukimwi ulikuwa unaua na watu wanasema ni kulogwa. Mkwaju alipougua, pale dirishani hakuna aliyesema kalogwa.

Huyo fundi hajakosea. Sisi tulimjua mtu kwa maneno yake tu.

---

MwanaNewala

Shikamoo mzee wetu. Niseme la moyoni na mimi.

Ni mara ngapi mmemwona mtu wa kusini kwenye tamthilia? Mimi nimemwona, kila mara yuko getini. Mlinzi. Anafungua geti, anasema neno moja kwa lafudhi ya kubandika, wenye nyumba wanacheka, geti linafungwa. Baba yangu alilinda nyumba za watu Dar kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa anajua Kimakonde, Kiyao, Kiswahili na Kireno cha kuombea maji, na alikuwa mtu wa hadithi kuliko wote ninaowajua. Akitazama vipande vile alikuwa anainuka taratibu anakwenda kukaa nje. Hakusema kitu, na mimi sikumuuliza mpaka amefariki.

Kwa hiyo mnaposema kauli zilindwe, nakubali, lakini ni kauli za nani? Ikiwa wataleta kisa cha huku halafu bibi wa Newala aongee kama wa Masaki, bora wasilete. Na ikiwa lafudhi yetu itakuja kama kichekesho, pia wasilete.

Halafu mila. Nimeangalia posa kwenye luninga sijui ngapi: baba anakohoa, baba anakubali, vigelegele. Kwetu Wamakonde, na Wamwera na Wayao vivyo hivyo, ukoo umefuata mama. Mjomba asipoketi kwenye ule mkeka hakuna posa hapo, kuna wageni wamekuja kunywa chai. Fikirieni tamthilia nzima ya baba aliyekubali na mjomba aliyekataa, na binti katikati anawapenda wote wawili. Nani ana kisa hicho? Waturuki hawana. Ni chetu, na kimelala tu.

Na dada fundi, nikuongeze kitu. Siyo mdomo peke yake. Mchezaji wa mapiko, ngoma yetu Wamakonde, anaingia uwanjani na sura ya mti kichwani, mwili wote umefunikwa, hata kidole hukioni. Hasemi. Lakini kwa mwendo tu uwanja mzima umejua huyu ni mzee mwenye kiburi, huyu ni askari wa zamani, huyu ni mwanamke mwenye mimba. Nilikuwa mtoto, nilijua kabisa kwamba yule si mtu, mpaka alipoanza kutembea kama jirani yetu fulani nikapiga kelele jina lake, nikafinywa. Kwa hiyo waangalie na miguu. Yule mwigizaji wa MbebaTaa aliyeegemea ndoo, ndicho alichofanya.

---

MtuWaKivinje

Nimesoma kimya muda mrefu. Kinjeketile naitaka, na naiogopa.

Kilwa Kivinje kwetu pana Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani walipowanyongea watu wa Majimaji. Tunapita pale tukienda kwenye shughuli zetu. Ninyi mnasema nani atakuwa stelingi. Sisi tunazungumza habari za babu.

Mmeitaja Sultan. Ilipokuwa inaonyeshwa Uturuki, Erdoğan mwenyewe, wakati ule Waziri Mkuu, aliilaumu hadharani mwaka 2012, akisema Sultani Suleiman wao hakuwa yule wa kwenye luninga, alikuwa mtu aliyeishi juu ya farasi vitani. Na Suleiman alikufa 1566! Sisi Majimaji ni juzi. Bibi yangu alilelewa na mwanamke aliyeukimbia ule moto akiwa mtoto mgongoni. Alituambia risasi ziliua, lakini njaa ya baadaye iliua zaidi, kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa makusudi. Alikuwa hatupi punje. Ukimaliza kula alipitisha kidole kwenye sahani yako.

Sasa mtu akija na kamera yake, akawafanya wale waliojipaka maji ya dawa ya kuzuia risasi waonekane wajinga, watu washamba walioamini uganga, mimi nitazima luninga na sitaiwasha. Hussein hakufanya hivyo. Kinjeketile wake ana mashaka mwenyewe. Neno limemtoka, limekuwa kubwa kuliko yeye, haliwezi tena kurudi mdomoni. Mwisho wanamtaka aseme yale maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu anajua akilisema hilo watoto watakaozaliwa wataambiwa kupigania nchi yao lilikuwa kosa. Nimeisoma sehemu ile nikiwa shule na nimeisoma tena nikiwa na watoto. Hainikai vizuri, na naona haikuandikwa inikae vizuri.

Wakitengeneza, waje Umatumbi kwanza. Wakae. Wasije na maneno yao kwenye simu asubuhi.

---

BintiRahaleo

Nimesoma mara mbili. Pole na asante, mjomba wa Kivinje. Ile ya kidole kwenye sahani imenibakia.

---

MwalimuFasihi_Lindi

Na kwamba inawezekana, ushahidi upo. Nigeria mwaka 1987 televisheni yao ya taifa ilitengeneza tamthilia ya kitabu cha Chinua Achebe, kile ambacho sisi tunakijua kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo. Pete Edochie ndiye aliyekuwa Okonkwo. Ni kitabu cha shule kule kama ambavyo Kinjeketile imekuwa kwetu, na watu waliangalia.

MwanaNewala, ya baba yako nitaisoma darasani kesho, kama utaniruhusu, bila jina.

---

MwanaNewala

Isome, mwalimu.

---

KijanaShangani

Sawa, mmenisogeza, ila sijahama. Niwape kisa cha leo basi.

Mkulima wa korosho wa Tandahimba, Septemba, vyuo vinakaribia kufunguliwa. Mtoto kachaguliwa, hana godoro wala ada. Mnada haujaanza. Usiku anakuja mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo, na kipimo chake, pesa taslimu, bei ya kutupa. Mkulima anajua kabisa akisubiri wiki chache, akapeleka chama cha msingi, mzigo ukaingia ghalani na stakabadhi yake, atapata zaidi. Mke anasema subiri. Mtoto hasemi kitu, anapanga daftari. Na yule wa kangomba si shetani, ni shemeji yake, naye ana mkopo. Hapo mimi nitakimbia nyumbani.

---

MbebaTaa

Hiyo inapigika! Ua mmoja, kibatari, gunia, kipimo. Haina sare za Mjerumani. Nikipata watu wanne nabeba taa bure.

---

MwanaNewala

Mkiandika, huyo shemeji mpeni mama yake pia. Na mjomba.

---

FundiChikongola

Nimewasoma wote, wengine nimewasoma kwa sauti bandani na watu wakajibu kana kwamba mpo. Mzee wa Ng'apa, mama anakusalimu. Anasema Mkwaju alimsikia na yeye, Mikindani, dirishani kwa jirani.

MwanaNewala umenirekebisha, na nimekubali: miguu nayo. Jana nilikaa nikamtazama mama anavyoinuka. Anaweka kiganja sakafuni kwanza, anakusanya kanga kwa mkono wa pili, halafu ndipo magoti. Nimeshona miaka ishirini na mbili sijawahi kukata nguo nikifikiria mtu atainukaje ndani yake.

Mtu wa Kivinje, neno lako nimelichukua kwa mikono miwili.

Tumekubaliana hivi. Jumamosi baada ya alasiri, umeme uwepo usiwepo, tunasoma Kinjeketile bandani, mwanzo mpaka tutakapofika. Mtoto wa dada yangu atakuwa Bi Kitunda. Mama amekubali kuwa Bi Kinjeketile kwa sharti kwamba anong'onezwe sentensi kwanza, kisha aiseme, kwa sababu maandishi madogo hayaoni. Tulijaribu jana maneno machache. Ananong'onezwa Kiswahili cha kitabuni, yeye anakitoa kwa lafudhi ya Mikindani, polepole, akiwa anapepeta mchele halisi kwenye ungo, na hakuna aliyecheka. Kanga atavaa yake ya shamba. Aliniomba niifue, nimekataa.

KijanaShangani, kuna nafasi ya askari, na ile ya kangomba njoo nayo imeandikwa. MbebaTaa, ukiwa umerudi Masasi njoo, nauli tutachangishana. Nakala ninayo moja tu, ya zamani, kurasa za katikati zimeachia nimezibana kwa pini za kushonea. Mwenye yake aje nayo.